Kwa Nini Mwezi Unatufuata?

Katika mwaka wangu wa tatu wa ualimu, mtoto mmoja wa miaka minane aliinua mkono katikati ya somo la sehemu za mmea na kuniuliza swali ambalo halikuwa na uhusiano wowote na mizizi, shina wala majani. Alitaka kujua kwa nini usiku uliopita, alipokuwa akitembea na mama yake, mwezi uliwafuata njia nzima, na waliposimama nao ukasimama. Wenzake kadhaa wakadakia kwamba hata wao hufuatwa. Nilitazama saa, nikatazama ubao uliokuwa na nusu ya mchoro, kisha nikamjibu kwa sauti ambayo wakati ule niliiona kuwa ya upole: "Hilo utalisoma mbele." Akaketi. Sikumbuki kama aliwahi kuniuliza swali lingine mwaka ule, na kutokumbuka kwangu ndiko kunakonisumbua, kwa sababu kunaonyesha kwamba hata ukimya wake sikuuona.

Nimefundisha watoto wadogo kwa miaka mingi tangu siku ile, na sehemu kubwa ya yale niliyojifunza kuhusu kulea udadisi wao nimeyapata kwa kulichunguza jibu lile la maneno matatu. Halikuwa jibu la ukali, wala halikumwaibisha mtoto mbele ya wenzake. Hata hivyo lilimfundisha mambo mawili kwa mpigo: kwamba maarifa ni mali inayotunzwa na watu wazima na kugawiwa kwa zamu, na kwamba swali lake, alilolipata kwa kutazama kwa macho yake mwenyewe, lilikuwa limekuja siku isiyo yake.

Mwaka 1984 watafiti wawili wa Uingereza, Barbara Tizard na Martin Hughes, walichapisha matokeo ya kazi waliyoifanya kwa kurekodi mazungumzo ya wasichana 30 wenye umri wa miaka minne hivi, wakiwa nyumbani na mama zao na pia wakiwa katika shule ya awali. Nyumbani watoto wale waliuliza wastani wa maswali 26 kwa saa, ilhali shuleni waliuliza wastani wa maswali 2. Walikuwa watoto walewale, wenye akili ileile na ulimi uleule. Niliposoma tarakimu hizo niliacha kutoa lile lalamiko tunalopenda kulitoa katika chumba cha walimu, kwamba watoto wa siku hizi hawana hamu ya kujua. Hamu wanayo, wanaiacha mlangoni wanapoingia kwetu.

Haki ya walimu isipotee hapa. Mama ana mtoto mmoja mbele yake na mwalimu ana kundi zima, na kundi zima likiuliza maswali 26 kwa saa kila mmoja, hakuna somo litakalofika popote. Lakini idadi ya watoto haielezi kila kitu. Jambo jingine linaloziba vinywa ni kasi yetu. Mary Budd Rowe, mtafiti wa Marekani aliyechunguza kanda nyingi za masomo ya sayansi katika shule za msingi, alionyesha katika miaka ya 1970 kwamba mwalimu akishauliza swali hungoja kwa kawaida kama sekunde 1 tu kabla ya kulirudia, kulibadilisha, kumtaja mtoto mwingine au kujijibu mwenyewe. Na mtoto akishajibu, mwalimu huingilia kwa haraka ileile. Walimu waliojifunza kungoja sekunde 3 au zaidi waliona majibu yakirefuka, watoto waliozoea kunyamaza wakianza kuchangia, wasemaji wakitoa sababu za wanayoyasema, na watoto wenyewe wakianza kuuliza.

Nililijaribu jambo hilo kwa kuficha mkono nyuma ya mgongo na kuhesabu kwa vidole. Yeyote anayedhani kwamba sekunde 3 ni muda mfupi hajawahi kusimama mbele ya darasa lililonyamaza. Kidole cha kwanza nilikuwa mtulivu, cha pili nilihisi kwamba somo limekufa, na cha tatu nilikuwa tayari nimefungua mdomo. Ilinichukua wiki kadhaa kuzoea. Nilichokuja kukiona ni kwamba watoto wanaojibu katika sekunde ya kwanza ni walewale kila siku, na kwamba wanajibu kwa kukumbuka. Wanaofikiri huanza kuinua mikono baada ya hapo, polepole, mkono ukiwa umekunjwa nusu, kama mtu asiye na hakika kama mlango anaousukuma ni wa kwake. Kwa miaka mitatu nilikuwa nimeufunga mlango huo kabla hawajaufikia.

Kungoja baada ya jibu kuligeuka kuwa kugumu zaidi kuliko kungoja baada ya swali. Mtoto akisema jambo sahihi, ulimi wa mwalimu huruka wenyewe kusema "vizuri sana", na mara neno hilo linapotoka wengine wote huacha kufikiri, kwa kuwa mashindano yameisha. Siku hizi najitahidi kusema "umejuaje?" kwa sauti ileile, jibu liwe sahihi au si sahihi. Mwanzoni watoto walidhani kwamba kuulizwa hivyo ni dalili ya kukosea, nao waliyabadilisha majibu yao mazuri kwa hofu, jambo lililonionyesha kwa uwazi mno jinsi nilivyokuwa nimewazoesha kusoma uso wangu badala ya kusoma jambo lililo mbele yao.

Ningeishia hapo ningekuwa nimesema nusu tu, tena ile nusu iliyo rahisi. Mtoto anaweza kuuliza maswali 50 kwa siku na kupokea jibu lolote analopewa, na huyo bado hajaanza kufikiri kisayansi, anakusanya tu. Niliwahi kupitia kipindi cha kusifu kila swali, nikabandika ukutani karatasi kubwa iliyoandikwa maswali ya watoto kwa kalamu za rangi, na wageni waliotutembelea wakaipenda. Maswali yale yalikaa ukutani hadi gundi ikakauka na pembe za karatasi zikajikunja. Hakuna hata moja tuliloligusa. Udadisi unaopambwa bila kufanyiwa kazi, nadhani, hunyauka haraka kuliko hata ule unaokemewa, kwa sababu aliyekemewa angalau anaweza kwenda kuuliza kwingine.

Neno lililobadilisha darasa langu ni dogo: "Tutajuaje?" Halimnyimi mtoto jibu wala halimpi. Linamtaka atafute jambo ambalo likitokea litatuonyesha kwamba dhana yake ni sahihi, na lingine ambalo likitokea litamlazimu kuiacha.

Mfano ninaoupenda ni wa blanketi. Niliwauliza watoto wa miaka tisa kwa nini tunajifunika blanketi wakati wa baridi, nao wakajibu kwa pamoja kwamba blanketi lina joto. Jibu hilo ni la busara kabisa. Kila mmoja wao amewahi kuingia kitandani kukiwa na baridi na kuhisi joto likija. Nikauliza tutajuaje. Mmoja akapendekeza tufunge kipimajoto ndani ya blanketi, na tuache kingine mezani ili tulinganishe. Kabla ya kufanya hivyo kila mtoto aliandika anachobashiri. Wengi waliandika kwamba kile cha ndani kingepanda hadi nyuzi 30 au 40, na mmoja aliandika kwa imani kubwa kwamba kingepasuka. Baada ya saa moja tulifungua. Vipimajoto vyote viwili vilionyesha kiwango kilekile.

Nilitarajia kwamba wangeacha dhana yao papo hapo, na hapo ndipo walimu wengi, nikiwemo mimi, tunapokosea. Hawakuiacha hata kidogo. Walisema hatukungoja vya kutosha, basi tukaacha hadi kesho yake, matokeo yakawa yaleyale. Wakasema hewa baridi ilipenya, basi tukakunja blanketi mara mbili zaidi na kulitia ndani ya mfuko tulioufunga kwa kamba. Yaleyale. Wakasema blanketi lenyewe ni baya. Moyo wangu ulikuwa ukinisukuma niwaeleze, tena nilikuwa na sentensi moja safi ya kitabu iliyokuwa tayari mdomoni, lakini nilikumbuka kwamba huku ndiko wanasayansi wenyewe walikopitia: mtu haachi wazo lililomhudumia vizuri maisha yake yote kwa sababu ya kipimo kimoja, na kukishuku chombo au utaratibu kabla ya kulishuku wazo si ukaidi wa kitoto. Kila kisingizio walichokitoa kilikuwa dai linaloweza kupimwa, na kila mara walilipima.

Siku ya tatu msichana mmoja ambaye huongea kwa nadra alisema, "Labda joto ni letu." Alitaka tufunge blanketi huku kipimajoto kikiwa kwapani mwa mtu. Kilipanda. Ndipo nikaleta vipande viwili vya barafu vilivyolingana, kimoja nikakiviringisha ndani ya blanketi na kingine nikakiacha kwenye sahani, nikawataka wabashiri kipi kitayeyuka kwanza. Darasa liligawanyika kwa kelele, na baadhi ya wale waliokuwa wamekubali kwamba joto ni letu walirudi upande wa zamani bila kujua. Cha sahani kilipokuwa kimebaki maji matupu, cha ndani ya blanketi kilikuwa bado kigumu. Ilituchukua siku nne kufika mahali ambapo kitabu hufika kwa mstari mmoja, na sijawahi kuzijutia siku hizo nne, ingawa nilizilipia baadaye kwa kuharakisha mada nyingine mbili ambazo hazikustahili muda mrefu.

Huwa naulizwa na walimu wenzangu kama haya yote maana yake ni kumwacha mtoto agundue kila kitu mwenyewe. La. Kuna vitu ambavyo mtoto havigundui kwa bahati, na kimojawapo ni jaribio la haki. Wape watoto uzi na mawe ya uzito mbalimbali, waambie wafunge jiwe na kuliacha libembee, kisha wachunguze ni nini kinacholifanya libembee upesi au polepole. Karibu wote watakuwa na hakika kwamba ni uzito. Watafunga jiwe kubwa kwenye uzi mrefu na jiwe dogo kwenye uzi mfupi, wataona tofauti, na watatangaza ushindi. Ukweli ni kwamba urefu wa uzi ndio unaoamua. Uzi wa mita 1 huchukua takriban sekunde 2 kwenda na kurudi, jiwe liwe dogo au kubwa. Lakini hawawezi kuliona hilo maadamu wanabadilisha vitu viwili kwa wakati mmoja. Mwaka 1999 Zhe Chen na David Klahr walionyesha kwamba watoto wa miaka 7 hadi 10 wanaweza kufundishwa waziwazi kanuni ya kubadilisha kitu kimoja na kuviacha vingine kama vilivyo, na kwamba wale wakubwa miongoni mwao waliweza kuitumia hata katika kazi nyingine baadaye. Kwa hiyo mimi huifundisha kanuni hiyo moja kwa moja, kwa maneno, bila kuficha wala kutega.

Upande wa pili wa mizani upo pia. Mwaka 2011 Elizabeth Bonawitz na wenzake waliwapa watoto wa shule ya awali kitu cha kuchezea kilichokuwa na mambo kadhaa ya kushangaza yaliyofichwa ndani yake. Mtu mzima alipowaonyesha jambo moja kwa namna ya kufundisha, watoto walilirudia hilohilo na kuvumbua machache mengine. Alipoliibua kana kwamba ni kwa bahati, walichunguza zaidi. Mtoto si mjinga: mwalimu akionyesha jambo moja tu, mtoto anahitimisha kwamba ndilo pekee lililopo. Msimamo wangu, unaotokana na kuyaweka matokeo hayo mawili pamoja na makosa yangu mwenyewe, ni kwamba njia ya kujua naifundisha na matokeo nayanyamazia. Makosa yangu ya zamani yalikuwa kinyume chake: nilitoa matokeo yote kwa ukarimu na njia sikuitaja.

Wapo wanaoona kwamba haya ni mazoezi ya kuigiza sayansi, na kwamba sayansi yenyewe huanza chuo kikuu. Emily Rosa alikuwa na umri wa miaka 9 alipofanya jaribio kuhusu watoa tiba nchini Marekani waliodai kuhisi kwa mikono nguvu inayozunguka mwili wa mgonjwa bila kumgusa. Aliweka kizuizi chenye matundu, mtoa tiba akapitisha mikono yake humo bila kuona upande wa pili, kisha Emily akarusha sarafu ili kuamua juu ya mkono upi ataweka wake. Watoa tiba 21 walijaribiwa mara 280 na wakapatia asilimia 44, pungufu ya ambavyo mtu angepata kwa kukisia tu. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1998 katika jarida la chama cha madaktari wa Marekani, yeye akiwa na miaka 11. Ukiliangalia jaribio lile unaona kwamba halikuhitaji zaidi ya ubao, sarafu na mtu aliyekuwa tayari kuuliza tutajuaje mahali ambapo watu wazima walikuwa wameridhika.

Mfano wa pili ni wa darasa zima. Mwaka 2010 watoto 25 wa umri wa miaka 8 hadi 10 kutoka shule ya msingi ya Blackawton, Uingereza, walichapisha katika jarida la Biology Letters utafiti wao kuhusu namna nyuki wakubwa wenye manyoya wanavyotumia rangi na mpangilio wa maua kutafuta chakula. Walishirikiana na mwanasayansi Beau Lotto na mwalimu wao mkuu, Dave Strudwick, lakini maswali yalikuwa ya watoto, na michoro waliipaka rangi kwa penseli zao. Kinachonivutia zaidi ni namna walivyoanza: walikaa chini kubuni michezo na mafumbo ambayo nyuki angeweza kuyacheza. Mchezo wenye kanuni, mchezaji asiyejua jibu, na mtazamaji anayeandika kilichotokea, hayo ndiyo majaribio.

Kuna jambo linaloua maswali kuliko kasi ya mwalimu, nalo ni kicheko cha wenzake mtoto. Kisa cha Erasto Mpemba kinajulikana, ingawa yeye alikuwa sekondari. Mwaka 1963, akitengeneza aiskrimu shuleni nchini Tanzania, aliona kwamba maziwa aliyoyaweka kwenye friza yakiwa bado moto yaliganda kabla ya yale yaliyopoa. Alipouliza aliambiwa kwamba amechanganyikiwa, na baadaye mwalimu mwingine akaliita jambo hilo fizikia ya Mpemba, isiyo ya dunia nzima, jina ambalo darasa lililidaka kwa furaha. Aliuliza tena mbele ya Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia aliyekuja kuzungumza shuleni kwao. Osborne alirudi na kulipima, na mwaka 1969 wakachapisha pamoja. Tunaposimulia kisa hiki huwa tunakimalizia kwa ushindi na kusahau kwamba hoja yenyewe bado ina ubishi: mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden walirudia vipimo kwa uangalifu na hawakupata ushahidi wa kuridhisha kwamba maji ya moto hupoa upesi zaidi. Kwangu mimi hilo linakifanya kisa kiwe bora kwa watoto. Mpemba hakustahili kuchekwa, na sababu yake si kwamba baadaye alionekana kuwa sahihi.

Daftari nalo linastahili neno. Katika darasa langu ubashiri huandikwa kwa kalamu ya wino na haufutwi. Watoto waliozoea kufuta kila kosa hupata taabu sana na sheria hii. Mmoja alichana ukurasa mzima ili usionekane. Nilimwonyesha daftari langu mwenyewe, ambamo nilikuwa nimebashiri vibaya mara nyingi kuliko yeye, akalikagua kwa muda mrefu kwa uso wa mhasibu. Kuhusu mitihani sina mengi: ipo, inapima zaidi kumbukumbu, na mtoto aliyepima blanketi kwa siku nne hujibu swali la joto bila kulikariri.

Miaka kadhaa baada ya yule mtoto wa kwanza, katika darasa jingine, swali la mwezi lilirudi. Jean Piaget alilikuta kwa watoto wa Uswisi katika miaka ya 1920, kwa hiyo si ajabu kwamba lilinikuta mara mbili. Safari hii nilisema, "Tutajuaje?" Mtoto mmoja akajibu kwamba itabidi tungoje usiku. Nilikuwa nimeangalia kalenda na kuona kwamba mwezi mpevu ulikuwa umepita siku nne, nikawatoa nje saa mbili asubuhi, na nusu ya darasa ambayo ilikuwa imeapa kwamba mwezi hauonekani mchana ikabaki imeinua vichwa kuelekea magharibi bila kusema neno.

Tulichagua wawili. Mmoja alitembea kuelekea kaskazini na mwingine kusini, kila mmoja akiutazama mwezi ubavuni mwake, na sisi tukingoja. Walirudi wakikimbia, kila mmoja akiwa na habari ileile: umenifuata mimi. Walianza kubishana, kisha wakanyamaza kwa pamoja, kwa kuwa wote wawili walikuwa waaminifu na wote wawili hawangeweza kuwa sahihi. Nilihesabu vidole nyuma ya mgongo. Kabla ya kidole cha tatu sauti moja ikasema labda haumfuati mtu yeyote. Wakaanza kutembea tena, wakitazama mlingoti wa bendera uliokuwa karibu, ambao ulibaki nyuma baada ya hatua chache, na mti uliokuwa mbali, ambao ulibaki nyuma polepole sana, na mmoja akauliza mwezi uko mbali kiasi gani hata ukatae kubaki nyuma kabisa. Hapo niliwapa tarakimu, kilomita 384,000 hivi, kwa sababu walikuwa wameiomba na walikuwa na mahali pa kuiweka.

Tulipokuwa tukirudi darasani mtoto mmoja aliuliza, basi jua je. Nilianza kuwaonya kwamba jua halitazamwi kwa macho, na kabla sijamaliza alikuwa ameshajibu kwamba hatahitaji kulitazama. Nilipogeuka, darasa zima lilikuwa limetawanyika uwanjani, kila mtoto akitembea upande wake huku ameinamia kivuli chake.